Kopo la Vijiti Kumi na Tisa

Jumatatu, 6 Mei

Mimi ni mtu wa bahati, na leo shule nzima imeshuhudia. Walimu kumi na tisa, nafasi moja ya kwenda mafunzo ya mbinu mpya ya kufundishia – na jina lililotoka ni langu. Mimi, fundi wa madawati, niliyeacha shule kabla ya mtihani wa mwisho, niliyepewa kipindi cha useremala kwa sababu mwalimu wake alihama na nyundo zikabaki.

Mkuu wa shule hakutaka lawama. Alisema akichagua mtu kwa mkono wake, wengine watanuna muhula mzima. Basi iwe bahati nasibu. Akaniagiza vijiti kumi na tisa, kila kimoja na jina la mwalimu. Nikavichonga, nikavipiga msasa, nikaviandika kwa wino, nikavitia kwenye kopo la rangi lililooshwa. Leo mchana chumba cha walimu kilijaa. Mkuu akafumba macho yake, akachomoa, akasoma: "Fundi."

Vicheko. Profesa – ni mzee wa hesabu, tumempa jina hilo kwa sababu hakuna asilolijua – akasema kumbe hata kijiti humkimbilia aliyekichonga.

Jirani alipiga makofi pia. Namwita hivyo kwa sababu darasa lake la tatu limepakana na karakana yangu, ukuta mmoja. Alipiga makofi matatu, kisha akainama kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Nimechonga na kufunga milango ya hoteli katika nchi nne. Nimeona bwawa la kuogelea juu ya paa. Lakini kuitwa kwenye semina, nikae kitini nami niandike – hiyo ilikuwa bado. Mke wangu kauliza kama nitapewa beji. Nitapewa.

Alhamisi, 16 Mei

Nimerudi. Beji inasema "Mwalimu", halafu jina langu. Miaka kumi na moja hapa shuleni ni Fundi tu, hata kwenye orodha ya chai. Nimeingia nayo nyumbani ikiwa kifuani. Mke wangu akaisoma polepole. "Haya, Mwalimu," akasema, "bomba la jikoni linavuja."

Mbinu yenyewe si kubwa. Mwalimu anauliza swali. Hakuna kunyoosha mkono. Ananyamaza, anahesabu moyoni mpaka tano, ndipo anachomoa kijiti chenye jina la mtoto. Kila mtoto lazima afikiri, maana hajui ni nani atakayeitwa. Vijiti tena. Nilicheka peke yangu, mkufunzi akaniuliza kulikoni, nikasema nimekumbuka jambo.

Yule mkufunzi ni mama mfupi asiyejua utani. Alisema kazi si wewe kujua, kazi ni shule nzima ijue. Mmoja akifunzwa, akarudi, akakaa kimya, basi hiyo semina ni kama ilifanyika mwezini.

Nimemwomba Mkuu lile kopo nikalipake rangi. Amesema amelifungia kabatini pamoja na karatasi za mitihani, ni kumbukumbu ya siku ya haki. Ufunguo anauvaa shingoni na filimbi yake.

Jumamosi, 18 Mei

Jana nimewafundisha walimu wenzangu. Hapana. Jana nimewasomea walimu wenzangu. Saa mbili nzima, karatasi zote za semina, maneno mengine nikiyaruka kama mashimo ya barabarani. Wa dirishani walisinzia. Wa mlangoni walitoka mmoja mmoja, kama maji kwenye tangi bovu. Profesa alisahihisha madaftari ya darasa zima, kisha akanyanyua kichwa.

"Fundi, hii imekuja na fulana?"

Nikasema hapana.

"Basi haitadumu. Nimeona mbinu saba zikija hapa na kupita. Iliyodumu kuliko zote ilikuja na fulana, na kilichodumu ni fulana. Mke wangu anapigia deki."

Nami nilicheka, nifanyeje.

Aliyebaki mwisho ni Jirani. Akauliza, "Kaka, hizo sekunde tano zikiisha na mtoto bado hajui, unamfanyaje?"

Sikujua. Labda walisema nikiwa natazama beji. Nikamwambia hilo tutaliangalia. Akaliandika swali lake pembeni mwa karatasi, akalipigia mistari miwili. Sijapenda ile mistari miwili.

Ijumaa, 24 Mei

Nimepata dawa.

Mwanagenzi hafundishwi kupiga randa kwa hotuba. Unasimama nyuma yake, unashika mikono yake, anasukuma mara mbili, unamwachia. Walimu nao hivyohivyo. Ila mwalimu gani atakubali usimame nyuma yake? Akija mtu na daftari la ukaguzi, hata chaki inatetemeka. Lakini akija fundi na nyundo? "Karibu, Fundi, dawati lile linayumba."

Wiki hii nimeingia madarasa kumi na moja. Nakaa nyuma, nakaza skrubu ambayo haijalegea, macho yako mbele. Tukitoka namwambia mwalimu kitu kimoja tu nilichokiona. Kimoja. "Umehesabu mpaka mbili, bado tatu zangu." Anacheka. Kesho yake anafika nne. Halafu namwambia nenda dakika kumi kwa Jirani ukaone, mimi nakushikia darasa. Wanaenda! Watu waliofundisha mlango kwa mlango miaka sita na hawajawahi kuonana wakifundisha. Na hakuna dawati linaloyumba shule nzima.

Kwa Jirani mwenyewe nilikaa kipindi kizima, nyundo sikuigusa. Aliuliza, akanyamaza, akachomoa. Kikatoka kijiti cha mtoto wa nyuma kabisa, ambaye tangu mwaka uanze hakuna aliyesikia sauti yake. Kimya. Jirani hakumjibia, hakumruka. Akasema, "Sina haraka nawe, nitarudi." Akauliza wengine wawili. Akarudi kweli. Na mtoto akajibu – kwa sauti ndogo, lakini jibu.

Nilijifanya vumbi la mbao limeniingia jichoni. Katika darasa lisilo na mbao.

Lile swali lenye mistari miwili kalijibu mwenyewe. Mimi ndiye mwenye beji.

Jumatatu, 3 Juni

Nimemnasa Profesa. Anachomoa kijiti, anakitazama, anataja jina – na kila mara ni walewale watatu wanaojua. Kipindi kilipoisha nikakigeuza kijiti kilichobaki mezani. Jina jingine kabisa.

"Profesa, kijiti kinasema hivi, wewe umesema vile."

Hakukana. "Nimebakiza miezi minane nistaafu, Fundi. Nikimwita anayejua, kipindi kinaisha salama. Nikimwita asiyejua, tunaumbuka wawili."

Nikamwambia Jumatano nitakuja nikae na yule asiyejua. Tukiumbuka, tuumbuke watatu. Alicheka mpaka akavua miwani. Kakubali.

Ila Mkuu kashasikia, hapa hakuna kinachofichika. Akanitaka niseme na walimu wote juu ya udanganyifu wa vijiti. Nimesema. Sijawahi kusema vizuri hivyo, na karatasi sikushika. Nimewaambia kijiti kikidanganywa, yule mtoto wa nyuma anajua, hata kama hajaliona jina. Anajua halikuwa lake na halitakuwa. Basi anaacha kufikiri, na wewe umebaki unachezea vijiti. Wamenipigia makofi. Profesa naye.

Nimerudi karakana nikaukosa msumari mara mbili. Mimi! Nimemwomba tena Mkuu lile kopo, nikasema lina kutu. Kasema liache na kutu yake.

Jumanne, 11 Juni

Barua kutoka ofisi ya elimu, imebandikwa ubaoni. Kila shule itaje mwalimu kiongozi wa mbinu mpya, jina lifike Ijumaa jioni. Awe aliyekwenda mafunzo au mwingine yeyote ambaye shule itamteua. Atapewa mkataba wa miaka miwili.

Watu wakanipongeza begani. Pongezi zenyewe nzito.

Mimi mkataba wa nini? Ajira yangu ni ya kudumu, shule haikai bila fundi. Jirani ndiye mwenye mkataba, na wake unaisha na muhula huu. Zimebaki wiki tatu. Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu kuongezewa.

Ukuta wetu ni mwembamba. Mchana alikuwa na dada yake kwenye simu. Anasema ataanza kufungasha vitabu kidogokidogo, watoto wasishtuke. Watahamia kwa kaka yao. Kuna duka la vifaa vya ujenzi wanatafuta mtu wa kaunta. Kisha akasema, na hakulia, "Dada, na hapa ndipo nilikuwa nimeanza kuweza."

Nilikuwa na msumeno mkononi. Nimeuweka chini taratibu asisikie kuna mtu.

Jumatano, 12 Juni

Nimekwenda kwa Mkuu kabla ya kengele. Nikasema, mpe Jirani.

Akafunga mlango. "Fundi, unafikiri sioni? Wanaomfuata ni walimu wote. Lakini bahati ilikutaja wewe mbele ya watu. Nikiweka mwingine watasema nimempendelea, na mimi na yeye tunarudi nyumbani kwa gari moja kila siku."

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Basi najiondoa."

"Sawa," akasema. "Ukijiondoa, haki ni ileile. Kopo linarudi mezani Ijumaa, nachomoa tena mbele ya wote. Kijiti chako tutakitoa kwanza."

Nikamwambia vijiti vimeliwa na wadudu.

"Umewaona wapi? Kabati limefungwa."

Nikasema sisi mafundi tunahisi. Akanitazama kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, hasa. Nikasema nichonge vingine, vipya, vizuri zaidi. Kakataa. Eti viwe vilevile vilivyonitaja mimi, vingine vitaonekana vimechongewa mtu.

Profesa alinikuta nje nimesimama tu. Nikamweleza kopo linarudi. Akatikisa kichwa. "Pasingekuwa na bahati nasibu, tungemtaja yule binti wa darasa la tatu kwa sauti moja, hata mimi. Sasa atapata kwa kubahatisha, au atakosa. Bahati yako hii, Fundi, imetuletea kazi."

Alhamisi, 13 Juni

Nimechonga vijiti kumi na tisa. Upya. Kila kimoja na jina lake, hata la Profesa lile refu. Vimekaa mfuko wa shati, vinanichoma kila nikiinama.

Sijatulia popote. Nimefagia karakana mara mbili. Nimepanga misumari kwa urefu. Mtoto mmoja wa useremala kaniuliza kama kuna wageni.

Jioni mke wangu aliniuliza nina nini, siku ya tatu nakula nimesimama. Nikamwambia jambo ambalo sijaliandika hata humu. Nilidhani atacheka, maana mimi ningecheka. Hakucheka. Alimalizia kukunja nguo za watoto, akachagua shati moja akaliweka juu ya kiti.

"Kesho vaa hili," akasema. "Hilo lingine kola imekwisha."

Ijumaa, 14 Juni

Saa nane na dakika kumi, karakana. Wameshaingia chumba cha walimu. Nasikia viti.

Jirani kapita sasa hivi, kichwa mlangoni. "Kaka, hujaenda? Mkuu kashaweka kopo mezani." Nikasema naja. Akasimama kidogo. "Kwamba umejiondoa nimeambiwa. Ahsante. Hata kisipotoka changu." Akacheka. "Mimi na vijiti hatujuani." Akaenda.

Njia ninayo moja ya kiujanja. Mkono wangu ni mwepesi, nimewahi kutoa bawaba mlangoni na mwenye chumba amelala. Nikiomba kulisafisha kopo kidogo tu, vya mfukoni vinaingia, vya ndani vinatoka, nani ataona? Lakini hapo Jirani ana kijiti kimoja kati ya kumi na nane, na jina lolote likitoka litakuwa haki, na hakuna atakayeweza kulipinga. Kitakachomwokoa ni wao kujua kwamba hakuna bahati iliyochagua siku ile. Hapo watamtaja wenyewe, kwa mdomo. Profesa kashasema.

Na mimi? Sijui. Labda Fundi tena. Labda hata Fundi hapana. Wale niliowahutubia juu ya vijiti, wakapiga makofi – nitatazama wapi? Yule mtoto wa nyuma, mimi namjua vizuri. Miaka kumi na moja kopo linapita, jina lake halitoki, akachoka.

Filimbi. Mkuu ananiita kwa filimbi kama mtoto.

Beji nimeivua, ipo mezani hapa. Shati ni lile safi.

Filimbi ya pili.

Ngoja niandike kwanza, nisije nikapata ujanja mwingine njiani. Tarehe sita niliandika uongo, hata humu ambamo hakuna anayesoma, kwa sababu ulipendeza ukiandikwa. Sikuwa na bahati. Vijiti vyote kumi na tisa vina jina langu.