Udongo wa Kamere

Mjukuu wangu Wambui,

Hapa Dundori tuko salama, na mke wangu, shosho yako, amemaliza kuvuna viazi. Umeniuliza kama nguzo nene inaweza kusukumwa kando.

Nikiwa kijana tulijenga gati la wavuvi kule Kamere. Nilimwambia msimamizi, "Mzee, udongo wa juu ni matope. Mashua zikigonga, nguzo zitainama."

"Nguzo ni nene," akanijibu. "Wewe piga nyundo."

Mashua nzito ilipogonga, matope yakaachia nguzo, gati likalala, na rafiki yangu Otieno akavunjika mguu. Msimamizi akalaumu mawimbi.

Bado nina hasira naye. Nguzo ikisukumwa hushikiliwa na udongo unaoizunguka, na yeye alijua. Otieno anachechemea hadi leo.

Guka wako