Bastola ya Baba Juu ya Dari

9 Februari

Mdogo wangu Mkia,

Hujambo huko kazini? Miguu imeshazoea viatu vya ulinzi au bado inaota malengelenge? Sisi tupo. Mama kifua kinamsumbua asubuhi, ila akishakunywa chai anarudi na kelele zake zote. Mimi nimezama kwenye sare za shule, nakula na sindano mdomoni.

Nina jambo moja, na ukishasoma ichane barua hii. Paa lilivuja juu ya cherehani yangu. Kabla fundi wa paa hajaja, nilipanda mwenyewe darini nikalishusha lile kopo la maziwa ya unga ambalo Baba aliwekea bastola aliyorudi nayo kutoka vitani. Nilifungua. Bado inang'aa, Baba aliipaka mafuta mpaka mwaka aliotuacha. Fundi alipomaliza nikalirudisha.

Sasa redio inatangaza msamaha. Mwenye silaha ya vitani aliyoachiwa na marehemu aipeleke polisi kabla Aprili haijaisha, haulizwi kitu. Anayetaka kubaki nayo kama kumbukumbu, wanaziba mtutu isifyatue tena, halafu wanaiandikisha kwa jina la warithi. Ila warithi wote watie sahihi mbele yao. Mama anataka ibaki. Anasema Baba alirudi na vitu viwili tu, hiyo bastola na kikohozi, na kikohozi amekwenda nacho. Unakumbuka alivyokuwa akisimulia: afisa wa adui amelala na jeraha, Baba akampa maji, yule akaivua kiunoni akamkabidhi.

Omba ruhusa uje. Siku moja inatosha.

Dada yako


24 Februari

Dada, shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yake.

Mimi mzima, nakula, nalala. Barua nimeichana, vipande nusura nivitafune. Sasa kaa chini nikupe habari: nimechaguliwa kwenda mafunzo ya walinzi wa silaha! Nikifaulu, sisimami tena getini kupambana na mbu. Nitakaa kwenye gari la kubebea fedha za benki, bunduki mkononi, kofia ya chuma kichwani. Ukiniona utasahau kwamba ulinifuta kamasi.

Kuhusu lile jambo, usiwe na presha. Aprili nikipata likizo tutakwenda wote watatu, Mama katikati kama bibi harusi. Mpaka hapo kopo likae palepale. Baba alituonyesha mimi na wewe tu, hata Mama hajui liko wapi. Na libaki hivyo.

Mkia wako


29 Machi

Mkia,

Uko salama? Sisi wazima. Kimya chako kimekuwa kirefu na Aprili ndiyo hiyo inabisha hodi. Nimepita kituo cha polisi nikajifanya namuulizia jirani. Askari wa kaunta akacheka. "Dada, kila anayekuja hapa ana jirani." Lakini alinieleza vizuri. Tukiamua kuisalimisha kabisa, sahihi yako haihitajiki. Nimemwambia Mama. Alilia kidogo, akajifuta, akasema sawa. Usipoweza kuja nitaipeleka mwenyewe. Afadhali tukose kumbukumbu tulale kwa amani.

Dada yako


11 Aprili

Dada, shikamoo. Nisamehe naandika mbiombio.

Usiende! Nakuomba kwa vile ulivyonibeba mgongoni. Mwezi huu ndio wanatuchunguza hapa, mmoja mmoja: ndugu zako nani, marafiki nani, nyumbani kwenu kukoje. Jina letu likionekana kituoni pamoja na bastola ya adui iliyofichwa miaka yote hii, mimi nimekwisha kabla sijaanza. Kuna mkubwa mmoja hapa ana uhakika muda utaongezwa. Subiri nivuke huu mchujo tu. Likitokea lolote, mimi ndiye mwanamume wa nyumba hiyo, nitasimama mbele yenu. Naapa kwa kaburi la Baba.

Mkia wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mimi ni mzima. Mama yuko mahabusu.

Muda haukuongezwa. Jana asubuhi nilikuwa nampima mteja kiuno, nikaona polisi mlangoni, na ngazi. Walikuja na ngazi yao! Hawakufungua kabati, hawakuinua godoro. Waliisimamisha pembeni ya cherehani, wakasukuma ubao wa dari, kopo likashuka. Mkubwa wao akauliza, "Ya nani hii?" Mama akatoka jikoni na mapovu ya sabuni mikononi. "Yangu. Ya mume wangu, kwa hiyo yangu. Huyu hajui chochote." Nikasema, "Mama, hapana," akanifinya, kama alivyokuwa akitufinya mbele ya wageni. Wakampakia na mikono yake mibichi. Nilikimbia nyuma ya gari na viatu vyake. Kituoni wakavipokea, mimi wakanirudisha.

Nani mwingine aliyeona dari letu kama si yule fundi wa paa? Nilimfuata karakana kwake, nikamtukana mbele ya wenzake na wateja wake, nikamwita kibaraka, muuza watu. Hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Dada, mimi kwako niliona bati na mbao." Mtaa mzima umeshasikia. Leo jirani mmoja amemrudisha kutoka mlangoni na vifaa vyake.

Kesi imepangwa mwisho wa mwezi. Uliapa utasimama mbele. Njoo.

Dada yako


14 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikalia, wenzangu wakadhani nimefiwa. Maskini Mama. Nimeomba ruhusa wamekataa, tuko katikati ya mafunzo ya kulenga shabaha, nimevuka mchujo juzijuzi na ukitoka tu wanakufuta. Mahakimu huwa wanawahurumia wazee, jipe moyo. Mpelekee shuka nzito, kule sakafu ni baridi.

Kuhusu fundi wa paa, sishangai. Watu wa kupanda juu ya nyumba za watu wanaona mengi na midomo yao haina kufuli. Umefanya vizuri kumwambia ukweli wake.

Mkia wako


2 Julai

Ndugu yangu,

Natumaini u mzima. Mama ametoka. Amekonda na kifua kimezidi.

Hakimu alimuuliza kwa nini hakuipeleka wakati wa msamaha. Mama akamjibu, "Nilikuwa namsubiri mwanangu." Watu wakacheka, hata karani. Hakimu hakucheka. Amempa kifungo cha nje mwaka mmoja, na bastola itayeyushwa.

Nje ya mahakama Mama aliketi kwenye benchi kuvaa viatu. Yule mkubwa wa polisi akapita karibu. Hasira zikanipanda, nikamwambia, "Mpe hongera fundi wenu wa paa, kazi yake imetimia." Akasimama. "Fundi gani?" Akaniangalia kama mtu anayepima kama aseme au aache. Kisha akasema, "Dada, hilo kopo hata mbwa wetu wasingelinusa. Ametuambia kijana wenu, yule anayefanyiwa mafunzo. Kopo la maziwa, ubao wa tatu, juu ya cherehani."

Sasa niandikie kwamba mtu huyu ni mwongo. Sitaki maelezo. Niandikie mstari mmoja tu, nitakuamini wewe, sitamwamini yeye.

Dada yako


19 Julai

Dada, shikamoo. Poleni.

Si mwongo. Lakini nisikilize kabla hujanihukumu. Baada ya msamaha kuisha waliniita kwenye chumba, mimi upande huu wa meza, wao watatu upande ule. Wakaniuliza kama kuna silaha yoyote isiyoandikishwa kwenye familia yetu. Nikasema hapana. Yule wa katikati akafunga kalamu yake, akasema, "Fikiri tena, kijana. Tukija kugundua sisi, utakayefungwa ni wewe." Nilidhani wanajua. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikasema iko kwa dada yangu. Wakaniambia wataifuata kistaarabu. Sikujua kwamba watamchukua Mama, wallahi sikujua!

Nina mke, na mtoto yuko njiani. Nilikuwa naona kazi inaniponyoka hivihivi. Ungekuwa wewe kwenye kile kiti, ungefanyaje? Sema ukweli.

Nimeshakabidhiwa bunduki, tangu wiki iliyopita niko kwenye gari. Nakuomba kitu kimoja tu, Mama asijue. Nikipata likizo nitakuja, tutakaa, tutazungumza kama watu wa tumbo moja.

Mdogo wako


4 Agosti

Ndugu yangu,

Barua imefika. Mke wako ajifungue salama, hilo nalisema kwa moyo mweupe.

Unaandika hukujua kwamba watamchukua Mama. Kwa hiyo ulijua watanichukua mimi. Nimekaa na sentensi hiyo siku nyingi, naishona na kuifumua. Uliwapa mpaka ubao. Hukunitumia hata neno moja nikaitupe chooni, nikaitupe mtoni, nikaipeleke mwenyewe na kupiga magoti.

Hata hivyo kile chumba naweza kukielewa. Watu watatu, meza, vitisho, wewe peke yako na woga wako. Ninachoshindwa kukielewa ni barua yako ya Juni. Ulipoiandika ulikuwa umeketi kwa utulivu, hakuna aliyekutisha, ukaniambia nimefanya vizuri kumtukana fundi. Uliniona nampiga mtu asiye na kosa, ukanipokeza fimbo nyingine.

Unaomba Mama asijue. Mama alikuwa kwenye benchi, mkononi kiatu kimoja. Alisikia kila neno. Hakuniambia kitu njia nzima, wala wiki ile, wala iliyofuata. Jumamosi akavaa gauni lake la kutokea, akaniambia nimsindikize karakana kwa fundi wa paa. Nilidhani anataka kuniombea radhi. Nilianza kusema mimi, akanisogeza kwa mkono. Fundi akamvutia kigoda, hakukaa. Wale wale niliowatukania mwenzao walikuwepo wote, na wateja, na wapita njia waliosimama kutazama. Mama akasema kwa sauti, kifua kikimkatakata, "Aliyewaambia polisi ni mwanangu, niliyemzaa mimi. Si huyu. Mwenye kazi ya paa amletee huyu." Kisha akageuka tukaondoka.

Mimi nilirudi kesho yake kuomba radhi zangu mwenyewe. Fundi alinisikiliza, akasema yamekwisha. Hakuniangalia usoni.

Kwa hiyo ukija, usijifiche wala usijitungie hadithi. Mtaa unajua, na aliyeuambia ni Mama. Mlango sitaufunga, si wangu. Ila usinitegemee nikupokee mzigo wala nikae katikati yenu kuwafanya mcheke.

Leo nilipochukua kalamu nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea, nikadhani hakusikia. Baadaye akasema, "Mwandikie sijambo."

Nikamuuliza, "Na nini kingine?"

Akasema, "Hicho tu."

Mama hajambo.

Dada yako