Ulimi wa Chumvi

Jumatano, saa kumi jioni. Upepo wa Agosti umeamka vibaya hapa Mwankoko, vumbi mpaka kwenye meno. Sijala tangu asubuhi na wala sitaki.

Mnaonisoma mnakijua Kinywa. Ni kile kichwa cha waya nilichokisimamisha uwanjani kwetu, kirefu kuliko mtu, mdomo wazi, ulimi umening'inia mpaka chini. Mgeni akija nampa uzi mwekundu, anafungia kwenye ulimi takataka ya kitu alichokula siku hiyo: pakiti ya biskuti, kifuko cha ubuyu, cha karanga. Nilitaka kila mtu aone mwili unavyomeza, na kinachobaki ukishameza. Nilikata nyuzi arobaini. Zikaisha ndani ya wiki mbili, nami nikavimba kichwa.

Jumapili takataka zilikuwa zimepungua. Nikasema ni upepo. Nikapiga picha, nikaandika hapa hapa kwamba Kinywa kimeanza kumeza. Mlicheka, na mimi nikacheka.

Jana mbuzi wa mama, yule jike mwekundu mwenye mimba, aligoma kula. Ubavu wa kushoto ulijaa, mgumu kama ngoma, na hacheui. Leo asubuhi mama akaamua achinjwe kabla hajafa mwenyewe. Ndani kulikuwa na vitoto viwili. Shemeji Idi alipopasua tumbo, likatoka bonge la nailoni iliyosokotana, na katikati yake uzi mwekundu.

Uzi wangu.

Mama alinawa mikono, akaenda moja kwa moja kwenye Kinywa. Akaupapasa ulimi, akaonja kidole.

"Huu umeushona kwa kitu gani?"

"Viroba, mama. Niliviomba dukani."

"Vya chumvi hivi. Ulivifua?"

Sikuvifua. Niliviona vyeupe, nikaona vinafaa. Mimi, mtoto wa mfugaji ninayejua mbuzi wanavyoifuata chumvi, nimeitundika uwanjani, wakati mavuno yameisha na mbuzi wa mtaa mzima wameachiwa wazurure mashambani. Hata mtoto wa chekechea wa huku hafanyi kosa hilo.

Na kuna jambo lazima niliungame. Bonge lilipotoka, kabla sijamwonea huruma yule mbuzi, niliwaza: hili nikiliweka kwenye Kinywa, watu watatetemeka. Mkono wangu ulikuwa mfukoni tayari, unatafuta simu. Mama aliuona. Nimeona aibu siku nzima.

Mchana nilihesabu nyuzi. Kwenye ulimi zimebaki kumi na tisa. Bonge nimelichambua kwenye beseni, nimetoa saba. Kumi na nne hazipo. Nimezunguka uwanja, nimepekua michongoma yote ya uzio, sijapata hata moja.

Upepo hauna kosa.

Mama ana mbuzi wengine watano. Mzee Njiku, jirani yetu, ana zaidi ya ishirini, na wanapita hapa kila asubuhi. Jana nilimsikia akimwambia mama kwamba mmoja wake amelala tu, hataki kuinuka. Anadhani ni homa. Mzee huyu ndiye aliyefunga uzi wa kwanza siku ya ufunguzi. Alinishika bega mbele za watu, akasema binti yetu ana akili.

Ulimi nimeukata, nimeufungia stoo. Nilimwomba mama anisindikize kwa mzee, au basi atangulie yeye kumweleza. Alikuwa anafukia vile vitoto, hakuinua kichwa.

"Njiku utamwambia wewe. Kwa mdomo wako."

Tangu hapo nimekaa naandika, maana kuandika ni rahisi kuliko kuvuka njia.

Mbuzi wa Mzee Njiku wamesharudi. Kila jioni hupumzika kwenye kivuli cha ukuta wetu, na hapa dirishani huwa nasikia taya zao zikisaga. Wamelala wote, wanacheua. Isipokuwa watatu. Hao wamesimama wakiangalia ukuta, na taya zao zimetulia.

Navaa viatu.