Mate ya Athumani, Maziwa ya Mama

Usagara, Tanga. Jumapili jioni. Rasharasha tangu asubuhi, na mimi nimejifungia chumbani kama mwanafunzi aliyetoroka mtihani.

Shajara, nina jambo. Nimekaa nalo tangu Alhamisi na limenishinda kulimeza.

Athumani ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama yake, marehemu Bi Mwanaidi, alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, na mumewe alikuwa mtu wa reli, wiki nzima hayupo. Alipomzaa Athumani maziwa hayakutoka. Ilikuwa ile miaka ya foleni: sabuni foleni, sukari foleni, na maziwa ya kopo unayasikia kwa jina tu. Mama alikuwa ananinyonyesha mimi, mwaka sijatimiza, akamchukua mtoto wa jirani akampa ziwa. Ndivyo tulivyosimuliwa, na kila akisimulia Mama humalizia vilevile: "Mara tano za kushiba. Nilihesabu."

Kwetu sisi Waislamu wa pwani mara tano hizo si mchezo. Mtoto akishanyonya mara tano akashiba, huyo ni mtoto wa nyumba. Hawezi kumuoa binti yeyote wa nyumba ile, na mwenye nyumba ni baba yake. Basi Athumani alikula kwetu, akalala kwetu, na Baba akamnunulia sare za shule pamoja na zetu. Hakuna aliyeuliza.

Sasa, mwezi uliopita kulikuwa na maonyesho ya biashara. Banda moja lilikuwa linauza vipimo vya vinasaba, ile asili ambayo mtu anairithi kwa wazazi wake wote wawili. Bango lao limeandikwa: MATE YAKO, SIRI YAKO. Unatema mate kwenye kichupa, yanapelekwa nje ya nchi, na baada ya wiki chache unaambiwa umetokea wapi, maradhi gani yanakunyemelea, na nani ndugu zako wa kweli. Yule dada wa bandani alikuwa na maneno matamu kuliko muuza manukato.

Mimi ni mtoto wa enzi za ruksa. Nimekua nikiona milango ya biashara imefunguliwa na vitu vinaingia vya kila namna, mitumba, betri, dawa za kila ugonjwa juu ya meza moja barabarani. Tulinunua kwanza, maswali baadaye. Naona ugonjwa ule haujaniisha.

Nilikuwa na Athumani siku hiyo. Kwa kuwa nafundisha Bayolojia, nikamwambia mashine haiwezi kuona maziwa, itasema mimi na yeye hatujuani kabisa. Akabisha. "Dada, alichonyonya mtu ndicho kilichomjenga. Itaona tu." Tukakubaliana atakayeshindwa amjazie mwenzake kikapu cha machungwa ya Muheza. Si kamari, shajara, ni utani wa ndugu. Tukatema mate huku tunacheka.

Simu yake ni ya vitufe, kwa hiyo majibu yote mawili yakaandikishwa kwangu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kwa kurasa, herufi kama sisimizi. Nikaweka alama ya kukubali kila palipotakiwa. Sikusoma hata mstari mmoja, mimi ninayewakemea watoto wasome swali mara mbili.

Alhamisi majibu yakaja. Nilikuwa ofisi ya walimu, chai mkononi.

Uwezekano mkubwa: ndugu wa mzazi mmoja.

Nikadhani wamechanganya vichupa. Nikasoma tena. Maziwa hayaachi alama ya namna hiyo, damu ndiyo inayoacha, hilo nalifundisha kila mwaka. Na Mama hakumzaa Athumani, maana wanawake wa mtaa mzima walikuwepo Bi Mwanaidi akijifungua. Basi amebaki Baba.

Nilitafuta mtu wa kumuuliza. Namba ya kampuni inapokewa na sauti iliyorekodiwa, inakushukuru kisha inakata. Pale kwenye banda vimebaki vigingi. Nikampigia mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni wakili, na siku hiyo yeye ndiye aliyenisomesha mimi. Alisema nchi hii ina sheria ya vinasaba, kwamba sampuli ya mwili wa mtu haichukuliwi na muuza banda wala haivuki mpaka hivi hivi. Aliniuliza majibu ya Athumani yanatafuta nini kwenye simu yangu. Kisha akaniuliza, "Na mama yako, mwalimu, yeye alisaini wapi?"

Mama hakusaini popote. Waliotema mate ni mimi na Athumani. Walioumbuliwa ni Baba na Bi Mwanaidi, ambao wamelala makaburini, na Mama ambaye yu hai, ana presha, na mpaka leo Baba akitajwa huanza kwa kumwombea rehema. Nimekuwa naogopa kitu kimoja tu, Mama asijue alichofanyiwa na mumewe.

Lakini udadisi ndio balaa yangu. Siku tatu hizi nimekuwa naichokonoa ile hadithi ya maziwa, na kuna mahali inavuja. Baba alikuwa mtunza stoo wa duka la ushirika. Kopo la maziwa likifika mtaani kwetu, yeye ndiye wa kwanza kulishika. Ninayo picha yangu ya utoto, nimekaa mkekani, na pembeni yangu kuna kopo la maziwa. Kwa hiyo kopo lilikuwepo.

Na kuna jingine. Anayemwokoa mtoto na njaa hahesabu. Anampa mpaka alale.

Mama alihesabu za nini?

Leo baada ya adhuhuri nikaenda kwake. Niliazimia kuzungumza habari za mvua tu. Nikamkuta anachambua mchele, nikamwamkia, nikakaa, nikashika ungo upande wa pili. Akaniuliza bila kuinua macho, "Athumani kaniambia mmetema mate mkapimwa. Mashine imesemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Ulimi ukakataa.

"Imesema ni ndugu, Mama."

Akatoa chuya moja. Akatoa ya pili.

"Mimi nilishawaambia zamani kuwa ni ndugu yenu," akasema. "Nyie mkataka mashine."

Nililia, sitaficha. Niliona mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mtoto wake ziwa moja, mtoto wa mumewe ziwa la pili, na uchungu wake kifuani, anahesabu moja, mbili, tatu, ili mabinti zake wasije wakaolewa na kaka yao, na mtoto apate baba, na jirani asiaibike. Urithi nimeufundisha ubaoni miaka kumi na minane. Hilo sikuwahi kulifundisha.

Nilipotulia nikamuuliza kama Athumani aambiwe. Ungo ukasimama.

"Aambiwe, ni haki yake. Lakini si kwa simu. Mlete hapa, nitamwambia mimi niliyemnyonyesha."

Nimempigia sasa hivi. Nimemwambia kesho akitoka kazini apite kwa Mama. Amekubali, halafu akacheka. "Na machungwa je, Dada? Nani kashinda?"

Nimemwambia aje na kikapu kitupu.