Sahani Uliyoisema

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumatatu, baada ya chai.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Umetususa? Ndala ulizoacha mlangoni zimeliwa na panya, mwenyewe huonekani. Hujambo lakini? Unakula, au bado umekonda kama kwenye ile picha uliyotuma? Mimi ni magoti tu. Anayeniandikia ni fundi cherehani jirani yetu, nami nimemkataza kupamba maneno.

Nimeandika kwa sababu simu anaishika mama yako mdogo, na ukipiga anakwambia hajambo. Si kweli. Mkono wake wa kulia umevimba kama mto. Hasuki tena, wateja wamehamia kwa msusi mwingine, na kile kiti chao sasa naanikia nguo. Titi linatoa harufu. Mlango tunauacha wazi.

Hospitali ameacha. Aliacha siku ile ulipotuma sauti yako kwa simu, umejaa furaha, ukisema huko maabara mmemimina asidi ya mafuta ya mbegu kwenye sahani yenye saratani, na saratani ikafa. Mimi asidi niijuayo ni ya betri. Yeye akashika neno sahani. Tangu hapo mkamua mafuta wa mtaani humletea chupa, naye humimina kwenye sahani, akapanguza kwa mkate mpaka sahani ing'ae. Kisha anatapika, na kesho anamimina tena.

Muuguzi alikuja kuuliza mbona haonekani kwenye dripu ya dawa ya saratani. Tukamsikilizisha sauti yako, akashika kichwa. Akatueleza kwamba sahani yenu ni kijisahani cha kuenea kiganjani, na mle mnaweka seli tupu, hazina damu, hazina ini wala tumbo. Kilichofaulu mle bado hakijafaulu kwa mtu, na wewe unalijua hilo. Nami siku zote nilidhani seli ni ya polisi.

Mama yako mdogo akageukia ukutani.

“Mtoto wetu amesema sahani,” akasema. “Nyie mnataka kunimalizia nywele tu.”

Sikuiti mwongo. Ulichukua neno la kazini kwako ukalileta jikoni kwetu. Sasa njoo ulitoe. Muuguzi hasemi dripu itamponya. Anasema itampunguzia, kama hatuchelewi, na tunachelewa. Mimi nimebembeleza, nimetukana, nimelia. Hanisikii. Wewe atakusikia.

Mjomba wako anakusalimu, na fundi pia, amedondosha chozi kwenye karatasi akasema ni jasho. Mkamua mafuta angekusalimu, ila siku hizi anakwepa mlango wetu. Mungu akufungulie njia, akupe maneno mepesi.

Ukija usinibebee kitambaa wala sabuni. Beba kile kijisahani, kikiwa kitupu, kimeoshwa. Usinisalimu kwanza. Nenda moja kwa moja chumbani, umwekee kiganjani kwenye mkono ule mzima, umwambie kwa mdomo wako kwamba mle ndani hamkuwa na mtu.

Bibi yako, akupendaye hata akikukasirikia.