Midomo Nyuma ya Barakoa

Nairobi,
Jumapili, Februari 2021

Kwa Mama yangu mpenzi, Bi Nisreen,
Kibokoni, Mombasa.

Assalaam alaykum, Mama. Nakushika miguu kutoka huku mbali, nikimwomba Mola barua hii ikukute umekaa kitako na kahawa yako, goti limepunguza kuuma, na kaka Mohdhar hajakuudhi tangu asubuhi. Je, ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika? Na presha, unakwenda kupimwa au unamdanganya Mohdhar kwamba umekwenda? Siye huku tu wazima, alhamdulillahi. Ridhwan anakuamkia sana. Duka lake la vitambaa pale Mtaa wa Biashara limeanza tena kuingia watu, ingawa wengi huja wakagusa kitambaa, wakakisifu, wakaenda zao.

Najua utashangaa kuona barua. Tangu masikio yako yalipokataana na simu, Mohdhar ndiye anayepokea, nami huongea naye hata mate yakauka, kisha yeye akakugeukia na kukwambia, "Mabruka hajambo, anakusalimu." Basi. Hayo ndiyo maneno yote unayopata. Haya ya leo sitaki yapite kinywani mwa Mohdhar. Safisha miwani yako, Mama, uyasome mwenyewe polepole.

Shule tumefungua tangu Januari. Ile shule yangu ya Waithaka ni ndogo, uliiona kwenye picha. Tulipoambiwa wanafunzi wasikae kwa kubanana, mwalimu mkuu aliona madarasa hayatatosha, akawagawa watoto mafungu mawili. Fungu moja linakuja shule wiki hii, jingine linabaki nyumbani likisoma kwa simu; wiki ijayo wanabadilishana. Kwa wale wa nyumbani, kila mwalimu hujirekodi akifundisha, akaituma video kwenye kundi la darasa. Mimi hujirekodi alasiri mbele ya dirisha, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, uso wangu uko wazi bila barakoa. Ridhwan husema ninafundisha kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Katika darasa langu la Kidato cha Tatu yuko msichana anayeitwa Jacklyne. Anaishi Kangemi na mamake, Everlyn, mwanamke wa kutoka Busia anayefua na kupiga pasi katika nyumba za watu Kileleshwa. Karo ya mtoto hulipwa na wafadhili kupitia kanisa lao, na wafadhili hao hutaka kujua kila muhula kama mtoto anasoma na kama ana adabu.

Mwaka jana tulipofungiwa majumbani, Jacklyne alichanua, Mama. Msichana aliyekuwa akikaa mstari wa mbele na kunyamaza kimya, kwenye simu akawa wa kwanza kuleta kazi. Insha zake nilikuwa nikimsomea Ridhwan. Moja ilieleza jinsi mamake alivyokatazwa kuingia katika nyumba aliyoifanyia kazi tangu Jacklyne akiwa mchanga, akawa anapitishiwa nguo chafu dirishani, na mtoto wa mle ndani, aliyezoea kubebwa naye mgongoni, anamwita kwa kulia. Ridhwan alitoka nje akajifanya anatafuta ufunguo.

Basi nilimngojea kwa hamu siku ya kufungua. Alikuja, akakaa mbele palepale, na yule mwandishi wangu nikamkosa. Kazi niliyotoa darasani aliifanya kombo. Nikisema tufungue ukurasa fulani, yeye anachungulia kwa jirani aliye mbali. Siku moja nilimtaka atunge sentensi kwa neno "fisi". Akasimama, akasema vizuri kabisa, "Mgeni alikaribishwa kiti." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Aliketi, akainamisha kichwa mpaka kengele.

Wiki iliyofuata alikuwa nyumbani, na kazi yake ikaja safi, haina doa. Akirudi shule, kombo. Akibaki nyumbani, safi. Walimu wengine nao wakaona hivyohivyo.

Naibu wa mwalimu mkuu wetu ni Bwana Kitonga. Ni mtu wa haki, ila haki yake ina haraka. Alisema jambo hili halihitaji mganga: mtoto huyu ana mtu anayemfanyia kazi nyumbani. Akasema kudanganya ni kudanganya hata kama kuna korona, kwamba atawaandikia wafadhili, na Jacklyne atarudishwa Kidato cha Pili akaanze upya. Nilimwomba amwite mzazi kwanza. Akakubali, ingawa shingo upande.

Everlyn alikuja Ijumaa, mikono yake bado imekunjamana kwa maji ya sabuni. Tuliketi ofisini wanne, madirisha yote wazi, barakoa usoni, kila mtu na kona yake. Nje kulikuwa na fundi anayekata vyuma. Bwana Kitonga akaanza kumuuliza Jacklyne, mtoto akawa anajibu mambo mengine kabisa. Aliulizwa nani anamsaidia, akajibu, "Nyumbani, sir." Aliulizwa kama anajua adhabu ya udanganyifu, akasema, "Ndiyo, sir, tuko wawili tu na mama." Bwana Kitonga akaona anafanyiwa mzaha. Akapandisha sauti, na jinsi alivyoipandisha ndivyo barakoa ilivyozidi kuyala maneno.

Hapo ndipo nilipomtazama Jacklyne, Mama. Alikuwa ameegemea mbele, macho yamemganda Bwana Kitonga, si machoni, bali pale kwenye kitambaa, mahali ambapo mdomo ungekuwa. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyesimama nje ya mlango uliofungwa akingoja wenye nyumba wafungue. Mtazamo ule naujua. Nimekulia nao. Ni wako, Mama, pale sisi tunapozungumza mezani sote kwa pamoja.

Nikamwambia Bwana Kitonga, kwa heshima, anipe nafasi kidogo uwanjani. Akanifuata akinung'unika, Everlyn nyuma yetu. Nilimsimamisha Jacklyne kwenye mlingoti wa goli, nikaenda mbali naye, mbali kuliko serikali inavyotaka, nikavua barakoa. Kisha nikamuuliza maswali ya somo la wiki ile bila kutoa sauti hata kidogo. Midomo tu.

Jacklyne akajibu. Nikiuliza, anajibu. Maana ya methali, ngeli ya neno, kinyume cha kitenzi, yote kwa sauti yake nzuri inayopaa uwanja mzima. Bwana Kitonga alikuwa akisikia majibu na hasikii maswali. Mwishowe nikamuuliza neno "fisi" lina maana gani. Akatabasamu kwa macho, mara ya kwanza tangu Januari, akasema, "Ni mnyama, Mwalimu. Siku ile nilidhani umesema kiti."

Everlyn alikuwa analia. Alisema, "Mwalimu, ni mimi nilimwambia anyamaze. Akiwa darasa la tano alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio ikabaki hivyo. Shule ya kwanza waliniambia nimpeleke kwa shule ya viziwi, mbali sana, na yeye hakutaka kuniacha. Watoto walikuwa wanamwita majina. Nikasema hapa hakuna mtu atajua. Na hawangejua, ni hii barakoa tu."

Bwana Kitonga akamuuliza Jacklyne mbona hakusema mwenyewe, na safari hii aliishusha barakoa yake kwanza. Mtoto akamjibu, "Ungenifukuza, sir."

Kitonga alisimama akitazama nyasi. Kisha akamgeukia Everlyn akamwomba radhi, mbele yangu na mbele ya mtoto. Sijapata kumsikia akiomba radhi tangu nimfahamu. Alisema hakuna barua itakayokwenda kwa wafadhili isipokuwa ya kumsifu.

Walipoanza kurudi ofisini, Jacklyne alibaki nyuma akanigeukia. Akashusha barakoa yake, akaniambia jambo kwa midomo mitupu, bila sauti, kama nilivyokuwa nikimfanyia mimi. Nililielewa neno kwa neno. Nitakwambia chini, Mama, maana ndilo lililonishikisha kalamu.

Kwanza nikumalizie habari za darasa. Nilimweleza Ridhwan, naye hakuchelewa. Alikwenda kwa fundi mmoja anayeshona karibu na duka, wakatengeneza barakoa zenye dirisha la plastiki mbele ya mdomo. Za kwanza zilijaa mvuke, tukawa kama samaki ndani ya chupa. Baadaye fundi akatufunza kuzipaka sabuni kavu kidogo na kuifuta, zikatulia. Sasa walimu wote wa Kidato cha Tatu wanazivaa, na wanafunzi wamegundua kwamba Bwana Kitonga ana mwanya. Miaka yote hii hatabasamu, kumbe alikuwa anauficha! Wasichana wanasema umempendeza, na nadhani ameambiwa, maana siku hizi hacheleweshi kicheko.

Na Jacklyne mwenyewe, bila kutumwa na mtu, alisimama Jumatatu ya zamu yake ya shule mbele ya wenzake akasema, "Mimi sisikii poa. Si ati naringa. Mkiniongelesha, niangalieni, na msiongee wote pamoja. Ni hiyo tu."  Kisha msichana mmoja wa nyuma akanyanyua mkono akauliza kama anaweza kumfunza kusoma midomo, wapate kupigiana porojo wakati wa hisabati. Darasa likacheka, na safari hii Jacklyne alicheka kabla yao. Wiki zake za shule na wiki zake za nyumbani sasa huwezi kuzitofautisha.

Mama, sasa kaa vizuri.

Neno aliloniambia pale uwanjani ni hili: "Na wewe pia, Mwalimu."

Nilijifanya sikuelewa. Nikapandisha barakoa yangu, nikamwonyesha aende. Lakini alikuja kunitafuta baada ya masomo, na sote wawili tukasimama mbalimbali nyuso wazi. Akaniambia amejua tangu akiwa Kidato cha Kwanza. Alisema, "Wewe huwa unasimama katikati ya darasa, hukai mbele kama wengine. Mtu akijibu, unamkaribia ukimwangalia mdomo. Mtu akiongea ukiwa unaandika ubaoni, hugeuki. Mimi nilikuwa nakuona nikasema, aa, kumbe mtu kama mimi anaweza kuwa mwalimu."

Ndiyo, Mama. Masikio yangu yanakwenda njia ya masikio yako. Siku ile ya fisi, mimi sikusikia Jacklyne alisema nini; sentensi yake niliambiwa baadaye. Nilicheka kwa sababu niliona macho ya watoto yanacheka juu ya barakoa. Tangu tufungue shule nimekuwa nikirudi nyumbani kichwa kinauma kwa kubahatisha. Nilijiambia ni kitambaa, ni mabati, ni fundi wa vyuma nje. Mtoto wa Kangemi ndiye aliyeniambia kweli.

Nilimweleza Ridhwan jioni ile tukila. Aliweka kijiko chini. Akasema, "Mabruka, mimi nilikuwa nikikuita ukiwa jikoni, huitiki. Nikadhani umenichoka." Mama, mume wangu alikuwa amebeba hilo moyoni peke yake, akinyamaza, akinipikia chai, akingoja nimpende tena. Tulicheka mpaka tukalia, au tulilia mpaka tukacheka, sijui lipi lilitangulia. Sasa akinihitaji huja mpaka mbele yangu, akanigusa bega ndipo aseme.

Alinipeleka hospitali mwenyewe. Daktari, kijana mpole, alisema ni mishipa ya sikio, kwamba mara nyingi hurithiwa, na haitarudi ilivyokuwa. Akasema vifaa vya kusaidia kusikia vitanifaa kwa miaka mingi inshallah, nisikate tamaa wala nisiache kufundisha. Nimeshapimwa masikio, vitakuwa tayari mwisho wa mwezi.

Ninaogopa, Mama. Siwezi kukuficha wewe. Kesho nitaingia kwa Bwana Kitonga kumwambia, na sijui atasemaje kuhusu mwalimu wa lugha asiyeisikia lugha. Jacklyne anasema ataningoja nje ya mlango, na Kitonga akinifukuza ataingia yeye. Lakini kabla ya Kitonga nilitaka ujue wewe, kwa sababu wewe ndiye peke yako uliyekwisha kuipita njia hii, na ulipita kimya. Hukutuambia kitu. Sisi tuliona tu umeacha kwenda kwenye maulidi, umeacha harusi, unakaa chumbani kukiwa na wageni, na tukasema Mama amekuwa mkali siku hizi.

Nijibu kwa mkono wako, usimwachie Mohdhar. Nieleze siku ile uliyojua ilikuwaje, ulikuwa wapi, na mtu wa kwanza kumwambia alikuwa nani. Na kama hukumwambia mtu, Mama, basi niambie mimi.

Ridhwan anakutumia kitambaa cha leso ndani ya kifurushi hiki, amechagua rangi mwenyewe, kwa hivyo kisifu hata kama hakikupendezi. Mbusu Mohdhar kwenye paji la uso, umwambie safari hii hana habari za kufupisha. Majirani wote wa Kibokoni wape salamu zangu, walioniuliza na wasioniuliza. Mola akupe afya, akuzidishie umri, atukutanishe mapema uso kwa uso.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Mabruka