Sishuki Mlimani

Kambi ya Riadha,
Bweni la Wanawake, Chumba Na. 6.
19 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za kazini. Mimi sijambo. Kichwa kilichokuwa kikiniuma kimetulia, na nakula mpaka mpishi ananikodolea macho.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesikia kwa Mama kwamba sisi wakimbiaji wanawake tunarudishwa nyumbani, ukaniambia nikubali yaishe, eti hewa ya mlimani si ya wanawake. Nakuheshimu, Shangazi, lakini hapo umeteleza.

Huku juu hewa ni nyepesi, unavuta pumzi unaona umepata nusu. Mwili unataka wiki mbili tatu kuzoea, uwe wa mwanamume uwe wa mwanamke. Sasa sikia. Wanaume walitutangulia kwa wiki mbili na nusu, kwa sababu bweni letu lilikuwa halijaezekwa. Sisi tulifika Alhamisi ya tarehe 7, na Jumamosi yake kocha akatukimbiza wote pamoja mita elfu tano. Akabandika karatasi kwenye mlango wa bwalo, kuonyesha kila mtu amepoteza sekunde ngapi kulinganisha na muda wake wa bondeni. Mimi hamsini na nne, wanaume ishirini na kitu. Akatangaza kwamba mlima umetushinda, na kwa kuwa mashindano ya mwezi ujao yanafanyika huku huku juu, klabu itapeleka wanaume tu.

Damu ilinichemka. Nilikwenda kwa mzee anayeshika saa, tunamwita Bwana Sekunde, maana huandika kila kitu. Alisitasita akihofia kibarua chake, mwisho akanifungulia daftari. Siku yao ya tatu wanaume walipoteza sitini, sabini. Bingwa wao, yule Treni, alitapika kwenye nyasi. Nikanakili yote, nikabandika kando ya karatasi ya kocha. Treni alisoma, akacheka, akakiri mbele ya watu kwamba ni kweli. Nilimpenda kwa hilo.

Kocha akaniita ofisini, akaniamuru niitoe karatasi yangu.

“Nitaitoa ukiitoa yako,” nikamwambia. “Tupime wiki ya tatu, kama ulivyowapima wao.”

Akaniita mkaidi, akasema gari la kutushusha litakuja Jumanne.

Sikufichi, naogopa. Huenda wiki ya tatu ikafika na nikashindwa kweli. Basi nishindwe na miguu yangu mwenyewe, nitashuka bila kusukumwa.

Leo ndiyo Jumanne. Gari limekuja asubuhi, dereva akapiga honi weee, hakuna aliyetoa begi. Sote sita tulikuwa uwanjani tunakimbia. Kocha alisimama pembeni, mikono mfukoni. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, mikono bado mfukoni. Tulipopita mara ya nne, akatoa saa mfukoni na kuanza kutusomea muda.

Nisalimie Bibi, na Dada Mkubwa na kichanga chake. Mungu akulinde huko uliko, akupe nguvu na usingizi mwema. Na ukiongea na Mama, mwambie asinitandikie kitanda.

Ni mimi binti yako mbishi, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Kijiti